Bluberi za Kibamba

Mwalimu Revelian alifundisha jiografia kwa miaka thelathini na minne, na Kibamba nzima hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba Dar es Salaam haina baridi. Ndiyo maana mkewe, Demetria, alishangaa alipomkuta anatoa sufuria ya ukwaju kwenye friji na kupanga humo makopo manne ya miche.

"Baba Recho, hivyo nini?"

"Bluberi."

"Na ukwaju wangu unaenda wapi?"

"Ukwaju unavumilia joto. Hizi hazivumilii."

Yote yalianzia kwenye harusi ya binti yao, Recho. Juu ya keki kulikuwa na vitunda vitatu vya buluu, vidogo kama gololi. Mwalimu alidhani ni zabibu, akavila vyote kabla maharusi hawajashika kisu. Mhudumu akaja kumtajia jina la kile alichokula, pengine ili aone aibu. Hakuona. Aliondoka na lile jina, akalitafuta kwenye simu wiki nzima, kisha akampigia Brightson, mwanafunzi wake wa zamani anayelima Njombe.

"Miche ninayo, mwalimu, ile aina fupi isiyofika hata magotini," Brightson alisema. "Lakini lazima ilale kwenye baridi wiki kadhaa, la sivyo haitoi ua. Halafu inataka udongo mchachu. Huko Kibamba si itakufa?"

"Nani alikufundisha hali ya hewa?"

"Wewe, mwalimu."

"Basi nitumie."

Ikafika kwa basi, ikaingia kwenye friji. Demetria alikuwa akiuza barafu za ukwaju dirishani, kwa hiyo barafu zikagandia mlango wa juu na miche ikalala mlango wa chini. Ikapukutisha majani yote, ikabaki vijiti.

Wiki ya tatu Najat, jirani anayepika chapati ng'ambo ya njia, alikuja kutaka barafu wakati Demetria anakanda unga.

"Jichukulie mwenyewe, mwanangu, mie mikono haifai."

Najat akafungua mlango wa chini. Akaona vijiti vinne vikavu, kila kimoja kimefungwa kitambaa cheupe shingoni, na mbele yake karatasi yenye mwandiko mzuri wa ubaoni: KIMELALA. USIKIAMSHE. Akafunga mlango polepole, akaondoka bila barafu.

Alasiri hiyohiyo mjumbe wa mtaa, Mfaume, alipiga hodi. Nyuma yake, getini, watu kama kumi walijifanya wanapita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mjumbe. Karibu."

"Mie nimetumwa tu, mwalimu. Watu wanauliza ni nani amelala kwenye friji yako."

"Miti."

"Miti imelala?"

"Imelala."

"Itaamka lini?"

"Wiki tatu zijazo."

Mwalimu akamfungulia friji. Mfaume akainama, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja. "Na ikishaamka, itataka nini?"

"Maji yenye siki."

Mjumbe akatoka akawaambia wale wa getini, "Ni kilimo," kwa sauti ya mtu asiyetaka kuapishwa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyekuja kununua barafu, na Demetria hakumsemesha mumewe isipokuwa kumwita kula.

Wiki tatu zilipokwisha, mwalimu aliitoa miche. Mitatu akaipanda kivulini karibu na ukuta, wa nne ukakosa nafasi, akaupanda kando ya mlango wa jikoni. Kila asubuhi alipima siki kwa kijiko, akakoroga kwenye maji, akaigawia yote sawasawa na kuandika daftarini; kopo la ule wa jikoni alimwachia Demetria aumwagie. Mitatu ya ukutani ikafa mmoja baada ya mwingine. Wa jikoni ukachipua.

Mwalimu akachutama mbele yake siku tatu mfululizo akitafuta sababu. Alipima kivuli. Alionja udongo. Siku ya nne Demetria akamhurumia.

"Huo haujawahi kunywa siki yako. Harufu ilikuwa inanichoma pua nikipika. Nilikuwa namwaga maji yako pembeni, nauwekea makapi ya ukwaju."

Mwalimu akaketi juu ya ndoo. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unafundisha."

Tangu hapo walitunza pamoja. Maua yalipotoka, meupe kama vikengele, nyuki hawakuja, na Demetria akatoa brashi yake ya poda, wakawa wanapangusa ua hadi ua, vichwa vyao vikigongana. Vikatoka vitunda tisa. Vilipoanza kugeuka buluu, mwalimu alivifunika kwa chandarua cha kitandani, na wao wakang'atwa na mbu majuma mawili.

Siku ya kuchuma aliwaita Mfaume na Najat. Akagawa viwili kwa kila mtu kwenye visahani vya chai, kimoja kikabaki.

Mfaume akatafuna, akaangalia juu, akameza.

"Mwalimu, nisamehe. Hii ni zambarau."

"Siyo zambarau."

"Basi zambarau iliyokosa malezi."

Najat alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Mwalimu akaanza kueleza tofauti ya jamii ya mmea huu na mzambarau, akafika katikati, akaacha. Akatazama kile kichaka kifupi cha mlangoni kama anakiona kwa mara ya kwanza. Vitunda vyake viwili vilikuwa bado kwenye kisahani.

Demetria hakucheka. Alikula cha kwanza, akala cha pili, akafuta vidole kwenye khanga.

"Vipi?" mwalimu akauliza, bila kumwangalia.

"Ina uchachu kidogo. Halafu utamu unakuja nyuma."

"Nzuri au mbaya?"

Demetria akavuta kisahani chenye kile kimoja kilichobaki. "Subiri kwanza," alisema, "sijamaliza kufikiri."