Mama Mukashyaka Amefunga Mzigo

Mapendo, mtaa wa Goma, ina watu wanaosikiliza redio, ina wanaosikiliza mapadri, na ina wale wanaomwangalia Mukashyaka. Hao wa mwisho ndio wengi, na siwalaumu. Mwanamke huyu ameuza chumvi soko la Birere kwa miaka ishirini na mitano, na muuza chumvi wa Goma hupata habari kabla ya wakubwa. Watu wa Kibati na wa njia ya Rutshuru, huko juu kaskazini, wakija kununua kilo moja moja na kubishana nusu saa, dunia imetulia. Wakianza kubeba gunia zima bila kubisha bei, kuna kitu wamekiona huko kwao ambacho hakijashuka mjini.

Januari 2002 alifunga mzigo asubuhi, na kabla ya jua kuzama moto wa volkano ya Nyiragongo ulikuwa umekwisha kuupasua mji. Novemba 2012 alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, siku moja kabla ya waasi kuingia. Mei 2021 volkano haikumuaga mtu, hata yeye ilimkuta jikoni, lakini siku chache baadaye, serikali ilipotangaza kwamba watu wahame, Mukashyaka alikuwa tayari ng'ambo ameshapata pa kulala. Basi kwenye avenyu yake watu walijiwekea sheria bila kuiandika: mama huyu akifunga, nawe funga. Alilijua hilo, na alijivunia. Nani asingejivunia?

Sasa, Agosti 2024, alikuwa na miaka hamsini na saba na alitaka kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: kusafiri bila kufukuzwa. Waasi walikuwa bado kwenye vilima vya juu ya mji jirani wa Sake, ila bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo. Alitaka kwenda kuiona bahari. Mifuko ya chumvi aliyoifungua miaka yote ilikuwa na jina la Malindi ubavuni, na alikuwa amelisoma jina hilo mara nyingi kuliko jina la marehemu mume wake. Alitaka kuona hayo maji ambayo yamemlisha, akasomesha nayo watoto, akajenga nayo nyumba ya mbao mara mbili.

Binti yake Munezero, aliyekuwa anaishi kwa mume wake, ndiye aliyepanga safari kwenye simu. Alimwandikia mama yake kila kitu kwenye ukurasa wa daftari: Jumatatu basi la saa moja asubuhi kutoka Gisenyi, Kigali abadilishe, alale njiani kupitia Kampala hadi Nairobi, Jumatano apande treni ya Mombasa, kisha basi dogo la Malindi. Siku tatu za kukaa, halafu njia ileile kurudi. Munezero alitaka amsindikize mpaka huko, Mukashyaka akakataa katakata. Alikuwa amewakokota watu kila alipohama, watoto, mama mkwe, hata mbuzi wa jirani. Safari hii alitaka kubeba roho yake tu.

Tatizo lilikuwa mzigo. Mukashyaka alijua kufunga kwa namna moja tu. Munezero alipofungua kitenge kukagua, alikuta sufuria, unga, blanketi, kisu na mshumaa.

"Mama, unaenda kutembea, hauendi mu kambi," Munezero alisema. "Kule chakula banapika."

"Na kama njia inafungwa?"

"Njia ikifungwa, sufuria ndiyo itaifungua?"

Walibishana mchana mzima. Mwishowe sufuria ilirudi jikoni, na unga, na blanketi, na kisu, na mshumaa. Lakini valizi jipya la magurudumu Mukashyaka alilikataa, akisema valizi halikai kichwani. Kitenge kilibaki kitenge, na bidoni, dumu lake la njano la lita tano, nayo ilibaki. Hiyo alitaka kuijaza maji ya bahari, ayachemshe uani kwake, aione chumvi ikizaliwa kwa macho yake mwenyewe.

Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Angemwambia nani? Kwamba anakwenda siku nyingi kuangalia maji, na ziwa Kivu liko palepale chini? Tena karibu kila ua wa avenyu ile ulikuwa umepokea ndugu waliokimbia vita Masisi, watu sita wanalala chumba kimoja. Kusema mbele yao kwamba anakwenda kutembea kulimtia aibu. Akaamua kuchomoka mapema, aende arudi, maelezo yatafuata. Pia alijua jambo lingine: asipokwenda sasa, hatakwenda tena. Goma hii, unachokiahirisha vita inakila.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri alitoka, kitenge kichwani, bidoni mkononi, akafunga mlango kwa kufuli. Jirani yake Thérèse alikuwa anafagia. Thérèse aliona mzigo. Aliona bidoni. Aliona kufuli. Mukashyaka akamsalimu haraka haraka, macho chini kama mtu aliyeiba, akapita. Ufagio ulibaki chini.

Alikuwa bado hajafika kona ya lami aliposikia kelele nyuma yake. Vyuma vikigongana, watoto wakilia, mtu akiita majina. Aligeuka. Avenyu nzima ilikuwa njiani. Magodoro yalikuwa vichwani, kuku miguu juu, na Bashige, fundi cherehani, alikuwa anasukuma chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, mashine yake ya kushonea imefungwa juu kwa kamba za mpira.

Waasi wameingia, Mukashyaka alijiambia. Wameingia na mimi sikujua. Alikumbuka wateja wa juma lile mmoja mmoja, nani alinunua nini, na hakuona dalili, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kukimbia Bashige alipomfikia.

"Papa Bashige, iko nini?" aliuliza. "Banatokea wapi?"

"Ni weye utuambie," Bashige alijibu akihema. "Siye tunakufuata weye."

Ilimchukua pumzi tatu kuelewa. Akawatazama. Nyuma yao, kwenye avenyu ya pili, milango ilikuwa inafunguliwa na watu wanauliza. Dakika chache zaidi na jambo hili lingefika Birere, na Birere ikikimbia watu hukanyagana, na wenye mikono mirefu huvunja maduka. Alikuwa ameona hayo. Basi la Gisenyi lilikuwa linaondoka saa moja. Kama angeendelea kutembea, angeliwahi bila shida yoyote.

Aliushusha mzigo katikati ya njia.

"Musimame," alisema. "Hakuna vita. Mulima umetulia. Mimi niko naenda kutembea."

Hakuna aliyecheka. Thérèse alisogea, godoro likiwa limemfunika nusu ya uso.

"Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa."

"Ndoa?"

"Hakuna. Naenda kuona bahari, Mama Thérèse. Naenda na basi, na treni, ninaiangalia, ninarudi." Aibu yote aliyoikimbia ilimkuta hapo barabarani.

"Anatuficha," mtu alisema huko nyuma. "Anajua kitu."

Wengine wakaanza kubeba tena. Mukashyaka aliona kwamba maneno hayatoshi. Akachuchumaa, akakifungua kitenge mbele ya watu wote. Alitoa gauni lake la Pasaka. Akatoa viatu vya wazi alivyovinunua kwa ajili ya mchanga, sabuni bado iko kwenye karatasi yake, mafuta ya kujipaka, na ule ukurasa wa daftari. Mambo ya mwanamke mzima yalitandazwa kwenye vumbi jeusi la lava, na yeye akawaacha watazame.

Bashige aliinama akapekua kwa kidole, polepole, kama anatafuta sindano iliyoanguka.

"Sufuria iko wapi?"

"Niliacha."

"Unga?"

"Niliacha."

Bashige alisimama wima akawageukia watu. "Hakuna mutu anakimbia bila sufuria," alisema. "Mama huyu anaenda kutembea kweli."

Hilo likawamaliza. Watu wa Goma hubishana na gavana, hubishana na padri, lakini na hoja ya sufuria hawabishani. Magodoro yalianza kushuka. Mtu mmoja akatukana kwa furaha, mwingine akacheka hadi akakaa juu ya mzigo wake. Habari ilirudi nyuma mlango kwa mlango, na avenyu ya pili ikanyamaza.

Thérèse peke yake hakucheka. Alikuwa amelishika gauni la Pasaka, analikung'uta vumbi.

"Unarudi siku gani?" aliuliza.

"Jumanne, juma lile lingine."

"Unajua siku ya kurudi," Thérèse alisema, na macho yake yakajaa. Alikunja gauni vizuri kuliko lilivyokuwa. "Tangu nazaliwa, sijaona mutu anatoka humu na mzigo, anajua siku ya kurudi."

Mukashyaka alitazama simu. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba basi labda litamwacha.

Bashige alifungua kamba, akaishusha cherehani yake mpaka chini, akamwachia Thérèse ailinde, akakifunga tena kitenge, akakipakia pamoja na bidoni kwenye chukudu. Mwenye nguvu akasukuma ubavu, mwingine ubavu wa pili, na wote waliokuwa wamevaa viatu vya kukimbilia wakavitumia. Waliteremka kuelekea Bariyeri Ndogo, kituo cha mpakani, watu thelathini na zaidi, wakipiga makelele kuwaambia waliowashangaa njiani kwamba hakuna kitu, ni mama yetu anaenda kuona bahari. Mukashyaka alikuwa katikati, kichwa kitupu, mikono mitupu, na alitembea kama mtu anayeolewa.

Mpakani walimtwika mzigo wake. Alipigiwa muhuri, akavuka, na hatua chache upande wa pili akakumbuka kugeuka. Mwaka 2002 alipita hapa, na 2012, na 2021, na hakuwahi kugeuka. Hapakuwa na mtu wa kumpungia mkono. Kila aliyemjua alikuwa anakimbia kando yake. Sasa walikuwa ng'ambo ile, Bashige ameegemea chukudu lake, wengine wamepanda kwenye mawe wamwone vizuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakimbia. Mukashyaka aliinua mkono akawapungia, akaendelea kupunga mpaka askari alipomwambia kwa upole kwamba basi linamngoja.