Wanjira Achana Bawa

Kwa miezi saba Wanjira alikuwa akiunda ndege. Mchana alishona yunifomu za shule kwenye duka moja la Biashara Street; akifika nyumbani mtaa wa Satellite, alitandaza gazeti mezani na kushika mwanzi na wembe. Ilikuwa ndege ndogo ya urefu wa mkono, ya mabawa mawili mawili, la juu na la chini, kama zile kubwa ambazo baba yake, Dedan, alizishonea vitambaa uwanja wa ndege enzi za wakoloni. Mbavu za mabawa alichonga arobaini na nne, moja moja, kisha akazivika karatasi laini na kuipaka vanishi mpaka ikakazika kama ngozi ya ngoma.

Agosti ya mwaka 1987, chama cha waunda ndege ndogo kilifanya mashindano yake katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji. Sharti lilikuwa moja tu: kazi iwe ya mkono wa mshindani.

Mwenyekiti, Bwana Wahome, aliizunguka ndege ya Wanjira mara mbili. Hakuficha kwamba imempendeza.

"Hii ni kazi safi, mama. Nani amekutengenezea?"

"Nimetengeneza mimi."

Wahome akacheka, bila ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto wake. "Sawa. Lakini unajua sharti letu. Tutaiweka kwa ile meza ya kando, watu waione tu. Haitashindana."

Wanjira aliitazama meza ya kando. Ilikuwa na birika la chai na vikombe. Aliwatazama washindani wengine kumi na mmoja, wanaume watupu, kila mmoja amejitia kushughulika na ndege yake. Kisha akauliza kwa sauti iliyotulia.

"Kuna mtu ana wembe hapa?"

Mzee Pranlal, fundi wa saa aliyekuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo, alimpa wake. Wanjira akaweka ncha kwenye bawa la juu na kuichana karatasi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mtu akapiga ukelele. Wanjira akaibambua yote, mbavu zikabaki wazi kama za samaki aliyeliwa.

"Mama, unafanya nini?" Wahome aliuliza.

"Naanza tena. Kaa hapa uangalie."

Alipokuwa akikwangua gundi ya zamani, ubavu mmoja ukavunjika. Aliona Wahome akimtupia jirani yake jicho. Basi akaomba kipande cha mwanzi, akachonga ubavu mwingine huku amesimama, akausugua kwa msasa, akaubandika. Akakata karatasi, akapaka gundi, akainyunyizia maji kwa vidole, akaipeleka dirishani penye jua ikauke na kujivuta. Mwishowe akapaka vanishi. Saa mbili zilipita na hakuna aliyegusa chai. Karibu na ncha ya bawa palibaki kunyanzi moja refu, kwa sababu haraka na karatasi hazielewani.

"Haya," alisema Wahome, akijifuta jasho. "Tumeamini. Utashindana."

"Bado. Mimi nimechana yangu. Sasa zamu yao."

"Hao tunawajua."

"Mimi siwajui. Wachane."

Mshindani mmoja aliisogeza ndege yake nyuma kidogo. Ndipo Mzee Pranlal akavua miwani.

"Ya kwangu ilikuja kwa sanduku kutoka Uingereza," alisema polepole. "Mabawa yalikuwa yamekatwa tayari. Mimi nimebandika na kupaka rangi. Hata ile ya mwaka jana. Hakuna mtu aliniuliza, Wahome. Hakuna hata siku moja."

Akaibeba ndege yake mwenyewe mpaka kwenye meza ya kando, akaiweka karibu na birika. Wengine wanne wakafuata, mmoja mmoja, macho chini.

Zilibaki ndege saba. Waamuzi walizikagua hadi alasiri, na Wanjira akapata nafasi ya tatu. Kunyanzi lile lilimshusha. Hakubisha. Aliliona mwenyewe, na angekuwa mwamuzi angeikata ndege yake alama vilevile.

Wahome alimletea kadi ya ushindi kwa mikono miwili. Wanjira akaisoma, akamrudishia.

"Umeandika Bibi Kinyanjui."

"Si ndilo jina la mume wako?"

"Ndilo. Na hajawahi kushika msasa maisha yake yote. Andika Wanjira."

Wahome alipapasa mifuko akitafuta kalamu, watu wote wakimtazama, na Wanjira akasimama palepale akingoja aandike.