Yule wa Doa na Yule Mwingine

Kwa watu wa kijiji chetu, Suma, mimi sikuwa na jina. Dada yangu Sekela alikuwa nalo, tena mawili: Sekela, na "yule wa doa". Mimi nilikuwa "yule mwingine". Tulizaliwa siku moja, yeye akitangulia kidogo, na sura zetu zililingana kiasi kwamba hata mama alitugeuza mashavu kwanza ndipo atuite. Shavu lenye doa, Sekela. Shavu tupu, Bupe. Watu wengine hawakujisumbua kufika kwenye Bupe. "Wewe ni yule wa doa au yule mwingine?" waliuliza, na shavu langu liko wazi mbele ya macho yao. Hadi leo nikisimulia hayo mkono unaniwasha, nataka kumzaba mtu kibao.

Lilikuwa doa la kahawia iliyokolea, limeanzia chini ya jicho la kushoto likateremka mpaka karibu na taya. Lilikuwa na vinyweleo laini. Kwetu kila mtu ana nguo ya shambani yenye madoa ya utomvu wa migomba, na utomvu ukishaingia kwenye nguo hautoki, labda uitupe nguo. Basi mama yetu, Esnath, akapata pa kuanzia. Alisema akiwa na mimba yetu alikata mkungu wa ndizi, utomvu ukamdondokea tumboni. "Sekela ndiye alikuwa mbele," alituambia. "Wewe Bupe ulijificha nyuma ya mwenzio, haukukufikia." Aliyasema kwa mzaha, akicheka, lakini mimi nilikua nikiamini kwamba kweli nilijificha.

Na kwa kuwa ni utomvu, dawa yake nayo ikawa ya utomvu: limau na maji ya majivu. Mama alimkalisha Sekela kwenye kigoda nyuma ya jiko, akamsugua kwa kitambaa namna alivyosugua kola za baba za kwendea kanisani. Sekela hakulia. Siku moja tu alisema, "Mama, mimi si shati." Mama akaacha, akaingia ndani, na kitambaa kile hatukukiona tena.

Mimi doa lile nililipenda, na nasema hivyo bila aibu. Tulilala kitanda kimoja, baridi ya kwetu mnaijua, ukungu unaingia hadi chini ya blanketi. Nililala nimeweka kidole gumba juu ya shavu lake, navipapasa vile vinyweleo kwenda na kurudi, mpaka usingizi unichukue. Mtu mwingine akigusa alipigwa teke. Mimi aliniachia. Nikiulizwa utotoni kulikuwaje, kinachonijia kwanza ni hicho kidole, kabla ya mvua na kabla ya harufu ya maharage yanayochemka.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Tukuyu mjini, ambayo tuliyajua kwa rafu tupu na foleni za sabuni, yakajaa vitu ghafla. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, sisi wasichana tukaiinamia kutwa nzima. Shangazi Doreen akaanza kwenda Tunduma kuchukua bidhaa za Zambia, akafungua kibanda, akamweka Sekela auze. Tulikuwa tumefika miaka ishirini. Na hapo kibandani ndipo doa lilipoanza kumchosha, kwa sababu wateja walikuwa wageni wasiolizoea. "Pole dada, uliungua na nini?" Mwingine anapokea chenji huku anatazama shavu. Jioni alikuwa anarudi amejifunika mtandio.

"Nimechoka, Bupe," aliniambia. "Watu wanalisalimia shavu langu, mimi wananiruka. Nataka mtu anitazame machoni, basi."

Nikamwambia angalau yeye wanamsalimia shavu, mimi hawanisalimii kabisa. Hakucheka.

Shangazi akamletea kikopo cha mafuta ya kung'arisha. Sekela akapaka kwenye doa. Doa halikutikisika, ila ngozi iliyolizunguka ikaanza kung'aa, na doa likazidi kuonekana. Akaona dawa ni kusawazisha rangi: akapaka uso mzima, kisha shingo, kisha kifua hadi mabegani. Baada ya miezi michache shingo ikaanza kuchubuka, ikawa na mabaka mekundu, akawa hawezi kuvaa kitu chenye kola. Doa lenyewe lilikuwa palepale, zima na afya yake. Nilikitupa kikopo chooni, nikagombana na shangazi mbele ya wateja wake, na sijutii.

Mwaka huo daktari wa upasuaji kutoka Moshi alikuja kwa muda katika hospitali moja ya misheni kwetu. Mama alitupeleka sote wawili, maana hakuna aliyewahi kumpeleka mmoja wetu mahali akamwacha mwingine. Jina lake daktari lilikuwa Kagaruki, mtu mrefu, mpole, mikono yake baridi. Alilishika doa, akauliza kama limekua haraka, kama linawasha, kama limewahi kutoa damu au kubadilika rangi. Kote Sekela alijibu hapana.

"Basi halina ubaya," alisema. "Njia ya kwanza ni kuliacha, ukilichunguza. Likibadilika, njoo mbio."

"Na ya pili?" Sekela aliuliza kabla hajamaliza.

Daktari akatueleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Doa dogo hukatwa na ngozi ikavutwa ikashonwa, lakini hili ni kubwa, jicho lingevutwa chini. Huko Ulaya kuna mashine za mwanga, hapa hazipo, na hata zingekuwepo asingemwahidi kitu kwa doa la namna hii. Mafuta ya dukani hayafiki mizizi yake, kama mwenyewe alivyoona. Iliyobaki ni kulikata lote na kupachika ngozi ya mahali pengine. Ya paja ingebaki na rangi ya paja, shavu likawa na kiraka. Inayofaa usoni ni ya hapa juu ya mtulinga, mfupa huu chini ya shingo.

Akaufunua mtandio wa Sekela, akaufunika tena polepole.

"Hapa umepaunguza, binti. Itabidi tungoje. Mwaka, labda miwili, na sina hakika patapona vizuri."

Sekela akainama. Sijawahi kumwona ameinama vile, hata nyuma ya jiko. Ndipo daktari akanitazama mimi niliyekaa kwenye benchi la ukutani.

"Na huyu ni nani?"

"Ni yule mwingine," mama akajibu.

Daktari akatazama uso wangu, wa Sekela, kisha wangu tena. Akamuuliza mama, "Kondo la nyuma lilikuwa moja au mawili?"

"Moja, daktari. Mkunga alishangaa."

Akagongagonga meza. Kisha akasema hajawahi kufanya hivyo, amesoma tu, lakini kwa mapacha wa namna yetu mwili wa mmoja hauikatai ngozi ya mwenzake. "Ni ngozi ileile," alisema. "Ila atakayetoa atabaki na kovu, na makovu ya hapa kifuani hupenda kuvimba. Si jambo la kukubali kwa huruma."

"Sitaki," Sekela akasema papo hapo. "Bupe hana kosa."

"Nani kakuuliza wewe?" nikamwambia. Nilikuwa nimeshasimama. Kichwani nilikuwa na neno moja tu, kwamba safari hii sitajificha nyuma. Nikafungua kifungo cha juu cha gauni. "Daktari, kata."

Tulilazwa chumba kimoja, vitanda viwili. Nilipoamka mtulinga ulikuwa unawaka, na Sekela alikuwa amefungwa bandeji, limebaki jicho moja. Nilimuuliza muuguzi doa limewekwa wapi. Akasema limepelekwa Moshi kupimwa, ndivyo wanavyofanya. Nikalia. Sekela akadhani nasikia maumivu, akanyoosha mkono kutoka kitanda cha pili, na sikumwambia kwamba nalililia doa, linakwenda Moshi kabla yetu na halirudi.

Bandeji ilipofunguliwa daktari alibonyeza shavu, akatabasamu. "Imeshika." Mama akapiga magoti pale pale sakafuni. "Ndaga fijo, Kyala," alisema, akimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, na Sekela akaomba kioo, akajitazama machoni kwa muda mrefu.

Kovu langu lilivimba kama daktari alivyosema, likawa jeusi, nene, linang'aa. Shavu la Sekela likabaki na mstari mwembamba ambao usipoambiwa huuoni. Basi kijiji kikavurugika. Watu walitafuta doa hawalioni, wakaanza kutazama shingoni. "Yule wa kovu" ndiye mimi. Sekela alihamia Mbeya, akafungua duka la vitenge, wateja wakamtazama machoni kama alivyotaka. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Lakini akija Krismasi, tukilala kitanda kile kile, kidole changu kilikuwa kinakwenda chenyewe, kinafika, hakikuti kitu.

Miaka ikaenda. Baba alitutoka, mama akazeeka, macho yake yakafunga, akawa haoni. Alipolala kitandani asiinuke tena, nilimwita Sekela. Alifika mchana, mvua inanyesha, akaenda moja kwa moja jikoni kuchukua uji. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni mwa kitanda. Mama alisikia pumzi zangu, akainua mkono, akanishika shavu la kushoto kwa mazoea yake ya zamani. Akapapasa, hakukuta kitu. Mkono ukateremka shingoni hadi kwenye kovu, ukatulia.

"Gwe, wewe ndiye wa kovu," alisema. "Bupe wangu." Akameza mate. "Na yule mwingine yuko wapi?"

Sekela alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli. Neno lile nimelibeba utoto mzima, nimelichukia, nimetamani hata siku moja wamwite nalo yeye. Sasa aliitwa nalo, na nilitamani kumpokea ule mzigo nirudi nao kwangu.

"Nipo, mama," alisema. "Yule mwingine nipo."

Akaketi upande wa pili wa kitanda, akashika mkono wa mama, machozi yanamtiririka. Kwa mkono mwingine alinishika kidole gumba, akakipeleka mwenyewe kwenye shavu lake, mahali pale.

"Bado unalitafuta?" aliuliza.

"Kila siku."

Nikapapasa kwenda na kurudi. Palikuwa laini, hapana kinyweleo hata kimoja, ni ngozi yangu tu.