Héritier Amalize Kula

Saa tisa alasiri, katika ukumbi wa parokia huko Songo, kando ya ziwa, shuka jeupe la Mama Capitoline lilitundikwa ukutani na jenereta ikakubali kuwaka mara ya kwanza. Antoine na Ernestine, waliokula chumvi nyingi katika kazi ya katuni huko Kinshasa, walikuwa wamekuja kutazama filamu fupi za wanafunzi na kutoa maoni yao. Kwa kuwa vita vilikuwa bondeni Ruzizi, walipewa sajenti wa kuwalinda. Aliketi nyuma, bunduki mapajani, mpole kama bwana harusi.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya Dorine, binti wa Mama Capitoline. Aliichora kwa penseli, karatasi baada ya karatasi, akizipiga picha kwa simu. Kaka yake Héritier anatoka shambani Lubarika, anaitwa na watu wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, anapelekwa nyuma ya migomba. Kisha anafika nyumbani, anakula. Kwa kweli hakufika tangu siku ile; huko kufika Dorine alikuongeza mwenyewe.

Ilipofika sehemu ya kula, Héritier alishuka kutoka kwenye shuka, wa kijivu mwili mzima, akaomba njia. Ernestine alikunja miguu ili apite. Mama Capitoline alikuwa amekuja na ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, maana mwanawe hushuka na njaa. Alimnawisha mikono. Kijana alikula mpaka filamu ikaisha, naye akawa hayupo, na ugali ukabaki nusu kama siku zote.

Wageni waliuma na kupuliza, kama wafanyavyo wote wanaosahihisha kazi za wenzao. Antoine alisifu mwanga wa ziwa, kisha akasema sehemu ya kula inachosha. Mtu aliyeketi, mchoro mmoja uliosimama unamtosha. Dorine alieleza kwamba alishajaribu. Mchoro uliposimama, Héritier aliacha kupumua, tonge mdomoni, na mama akampigapiga mgongo bure. Antoine alikubali kwamba hilo huwapata wengi wanaoanza.

Ernestine, yeye, hakuuamini mwendo wa Héritier anapopelekwa migombani. Mtu hatembei hivyo, alisema, mabega yakirudi nyuma na miguu ikienda mbele.

"Ile mwendo iko sawa," sajenti alisema kutoka nyuma. "Alikuwa anatembea vile vile. Miye nilikuwa nyuma yake."

Ernestine alimshukuru, akasema basi mwendo ubaki. Dorine alimchukia sajenti kwa mwili wote, hata penseli ikamvunjikia mkononi.

Lilibaki suala la urefu. Tamasha ambako wageni wangeipeleka filamu lilitaka dakika tatu, nayo ilikuwa na nne. Walishauri akate kula. Dorine naye aliona afadhali hivyo, ili watu wa mbali waione migomba ile na nyuso zile. Alimgeukia mama yake.

"Kata pale walimukamata," mama alisema. "Hapa kwenye anakula umuongezee, amalize."

Antoine alimweleza kwa upole kwamba bila sehemu ile watazamaji hawatajua kilichompata kijana.

"Hapa bote banajua," mama alisema. "Na bariyeri iko palepale."

Dorine alikata pale pa kukamatwa.

Mapigano yalifunga barabara, wageni wakakaa juma zima, naye akachora. Walipoitazama tena, Héritier alimaliza sahani, akalamba vidole, akasema ameshiba. Mama Capitoline alilia, akaenda kuosha vyombo.

Filamu ilisafiri na kupendwa. Waliokuwa mbali waliandika kwamba imewatuliza, na kwamba mwambao ule lazima uwe na amani nyingi. Sajenti alirudi bariyeri, ambako vijana waliendelea kuitwa. Nao akina mama wa mtaa wa Rugenge walianza kupanga foleni mlangoni kwa Dorine na picha za watoto wao, kila mmoja akimweleza wa kwake hupenda kula nini.