Ubeti wa Maji

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia mmoja huko Kadutu, mtaa wa mlimani juu ya ziwa, kwaya ilikuwa ikijifunza wimbo kutoka kitabu kipya cha nyimbo: shairi la kuisifu nchi, lililotiwa katika muziki wa zamani wa okestra. Mwalimu wao, Papa Cirhuza, alikuwa ameutamani muziki wa namna hiyo tangu ujana wake. Walipofika ubeti wa pili, "Maji yako, ee nchi, yabubujika kila nyumba," mabomba ya mtaa mzima yakatoa maji. Ubeti ulipokwisha, yakakauka.

Hakuna aliyeshangaa. Mabomba yale yalikuwa makavu tangu mwaka Papa Cirhuza alipooa, ingawa ziwa lote lilionekana hapo chini. Wanawake walibeba bidon zao, madumu ya plastiki, wakaketi kungoja ubeti.

Shida ilikuwa mwendo. Mtunzi aliagiza ubeti uimbwe mbio, na Papa Cirhuza hakuwa mtu wa kumvunjia mtunzi heshima. Ubeti ulijaza sufuria ndogo, basi.

"Papa Cirhuza, muimbe polepole," mkewe, Maman Martine, alimwambia kupitia dirisha. "Bidon haiyajaa."

"Maman, hii iko classique. Haiko muziki ya kuchota maji."

"Sawa. Leo utaoga classique."

Jioni alijipaka sabuni mwili mzima kabla ya kukumbuka kwamba kwaya imeshakwenda nyumbani. Akasimama uani, povu hadi masikioni, akauimba ubeti peke yake. Lakini yeye ni besi, na ubeti uliandikiwa sauti ya juu, soprano. Bomba lilitoa kutu.

Mazoezi yaliyofuata aliupunguza mwendo. Ilimuuma kama mtu anayekata suti yake mwenyewe kwa mkasi. Nsimire, soprano wao, alilivuta neno "maji" mpaka bidon zikajaa na nguo zikafuliwa.

Habari zikamfikia mkubwa wa idara ya maji, aliyekuwa amewaahidi mabomba mapya miaka mingi. Alikuja na jeep, akasikiliza amefumba macho, akanawa mikono kabla ubeti haujaisha.

"Félicitations," alisema akiwapongeza. "Sasa ile kazi ya mabomba mapya tunaifunga. Hamuna tena shida."

Watu walipiga makofi, maana alikuwa mgeni.

"Na ubeti wa barabara mutaanza lini?" aliuliza. "Jeep yangu inateseka."

"Ule uko wa tenor, mukubwa," Papa Cirhuza alijibu. "Ma-tenor yote yalienda Mwenga kuchimba dhahabu."

Mkubwa alisikitika sana, akaondoka akiruka mashimo.

Msimu wa mvua ulipoanza, Nsimire alishikwa na mafua. Majirani walimletea tangawizi, asali na blanketi nzito, kisha wakaketi mlangoni pake na bidon tupu. Kila alipokohoa, bomba la uani lilitema kidogo, nao wakasogeza vikombe.