Jina la Mji Mgongoni mwa Ramani

Mtunza ramani wa bandari alichomoka ofisini mikono ikinuka gundi. Miaka nenda miaka rudi mji mzima ulikuwa ukiapa kwamba umepewa jina la nahodha mmoja shujaa, na kesho yake jiwe la kumbukumbu lilikuwa lizinduliwe gatini. Leo hii, katika kubandua ramani kongwe kutoka kwenye ubao wake ili aikarabati, alikuta mgongoni maandishi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

"Mjomba, weka tindo chini!" alipayuka akiingia karakana ya mjomba wake, mchonga mawe.

"Una wazimu? Nimeshamaliza!"

"Sikiliza kwanza!" Akamsomea huku akihema: "'Ukiona shuka nyeupe kwenye kamba ya yule mama mfua nguo, pinda kulia, miamba utakuwa umeikwepa. Bandari hii tumeipa jina lake, maana bila kamba yake tungezama sote.'"

Mjomba aliipokea ramani, akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Akaguna. Mama yake mzazi alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, na hakuna aliyemwekea hata kokoto.

"Wakubwa zako watakuja juu," alisema.

"Waje! Jina si ni lile lile? Libaki. Futa 'Nahodha' tu, uandike 'Mfua Nguo'."

"Basi usinizibie mwanga!" alifoka mjomba, na tindo lilikuwa limeshaanza kumla nahodha.