Mila ya Kibuyu

Siku wakwe walipokuja kutoka Nkome, kule Geita ziwani, kumposa mjukuu wangu Limi, niliamka kabla ya majogoo, moyo unanidunda kama mimi ndiye ninayeposwa. Nilifagia uwanja wote wa nyumba yetu hapa Samuye, kuanzia mlangoni hadi zizini, nikanyunyiza maji vumbi likatulia, kisha nikafagia tena. Juu ya meza ya wageni nikatandika kitambaa changu cha kufuma, kile cheupe chenye maua ya bluu pembeni. Jikoni binti yangu Mbuke, shangazi yake Limi, alikuwa anapepeta mchele huku anapiga vigelegele vya majaribio.

"Tunza sauti, Mbuke. Wageni bado wako Geita huko."

"Naipasha moto, mama!" Tukacheka mpaka ungo ukamponyoka.

Lakini kicheko changu hakikufika tumboni. Ulikuwa ule mwaka wa korona, na ndani alikuwamo mzee wangu Pantaleo. Ujanani alifanya kazi kwenye karasha huko Geita, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na lile vumbi lilimkaa kifuani mpaka leo. Akitoka kisimani tu anasimama njiani, mkono kiunoni, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo nzito. Daktari wa zahanati alituambia wazi: ugonjwa huu ukimpata mzee, kifua kile hakitauweza.

Sasa wageni wanakuja gari zima, kutoka mwaloni, kwenye mitumbwi na samaki, ambako watu wa kila upande hushuka na kupanda. Na huku kwetu mgeni wa posa husalimiwa kwa mkono, tena mkono unaokaa. Unamshika, unamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mkono bado uko palepale. Ukiutoa mapema, umemkataa.

Nilimwambia mwanangu Donatus, baba yake Limi, kwamba safari hii tusalimiane kwa mbali. Akashika kichwa.

"Mama, unataka wageuze gari? Watasema tumewaona wananuka dagaa!"

Mzee naye akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Mama Donatus, mimi mkwe simnyimi mkono. Nikifa, nimekufa mtu mwenye adabu."

"Na hao sato wanaowaleta atakula nani?" nikamuuliza. Akanuna.

Limi alinifuata nyuma ya jiko, macho yamejaa. "Bibi, Davis nampenda. Lakini babu..."

"Nenda kajipake mafuta," nikamwambia. "Hayo mawili niachie mimi."

Kusema kweli sikuwa na dawa yoyote. Nilikaa kwenye kigoda nikafikiri. Ndipo nikakumbuka duka la Hozefa pale mjini Shinyanga. Mlangoni ameweka ndoo ya maji na sabuni, na huingii mpaka umenawa, uwe bosi, uwe mchunga ng'ombe. Wala hakuna anayenuna, kwa sababu ile ndoo haimchagui mtu. Inawangoja wote mlangoni.

Nikaruka! Nikashusha kibuyu changu cha zamani, nilichokuwa nasukia maziwa. Nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikakining'iniza kwenye nguzo ya lango, nikafunga kamba hadi kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, kibuyu kinainama, maji yanachirizika, na mikono yako haigusi kitu. Watoto shuleni wanakiita kibuyu chirizi. Kipande cha sabuni ya mche nikakitoboa, nikakitundika kwa uzi pembeni. Nikarudi nyuma kukitazama. Kilikuwa kimechakaa, masizi huku, ufa kule. Aa, hii ni shughuli ya wakwe! Nikaenda sandukuni nikatoa shanga zangu za ujanani, nyeupe na nyekundu, nikakivisha shingoni. Kikawa kama bibi harusi.

Mchana honi ikalia barabarani. Mbuke akaachia kigelegele kilichofukuza kuku. Gari likasimama, akashuka kwanza mshenga wao, Marcel, jitu la watu, koti limembana, mikono ameshaifungua akiwa bado mbali. Nyuma yake shangazi mtu, ndugu wengine, na Davis mwenyewe na kikapu cha sato.

Nilikimbia, mimi na magoti yangu haya, nikawahi langoni. Nikakanyaga kijiti, nikanawa taratibu mbele yao: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha. Kisha nikarudi nyuma, nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole.

"Mwadila, wakwe zetu! Karibuni!"

Marcel akakitazama kibuyu. Akazitazama shanga. Akanitazama mimi. Nikasema moyoni, haya, gari linageuka.

Akawageukia watu wake akawanong'oneza, ila mnong'ono wa mshenga husikika kijiji kizima: "Vueni kofia. Hawa wana mila yao ya kupokea posa. Mmoja mmoja, na msiharibu!"

Jamani! Walinawa kama wanaokwenda kubatizwa. Davis aliruka vidole, shangazi yake akamrudisha.

"Rudia! Hukumwona bibi? Unataka ukose mke kwa ajili ya vidole?"

"Mume wangu," nikamwambia, maana mume wa mjukuu ni mtani wangu, "kucha hizo zina magamba ya sangara wa mwaka jana."

"Nisugulie wewe basi, mke wangu!" akanijibu, na wote wakaangua kicheko.

Nikawaketisha nje chini ya turubai, penye upepo, viti vimeachana. Nilikuwa nimeshapokea chai jikoni nilipomwona mzee anainuka. Alishika fimbo kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameutanguliza, anakwenda moja kwa moja kwa Marcel.

"Mkwe, lete mkono."

Nilikuwa mbali, siwezi kuwahi. Mlangoni Limi alijiziba mdomo kwa kitenge.

Marcel akaruka nyuma, mikono yote ameificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. "La, baba! Tumetoka mbali. Mila ya nyumba yako mimi siivunji!" Akashuka magotini na mwili wote ule, akapiga makofi polepole kama mimi.

Mzee akabaki na mkono hewani. Akanitazama. Akatazama kule langoni, shanga zinameremeta juani. Nikaona sharubu zinamcheza.

"Wabheja," akasema, yaani asante. "Naona umefunzwa." Akarudi kitini, naye akapiga makofi.

Wakati wa chakula nilikuwa nimempakulia kila mtu sahani yake. Mbuke, kwa mazoea, akatoka na beseni moja la kunawa wote. Shangazi yake Davis akamzuia. "Dada, kwenu si kibuyu?" Mbuke akageuka na beseni lake, anajikwaa kwa kicheko.

Posa ikakubaliwa. Wakati wa kuaga, Marcel akanivuta pembeni, kwa mbali hivyo hivyo.

"Mama, mila ile ni ya ukoo gani? Nataka nikaisimulie nyumbani."

Sikuweza kumdanganya mtu aliyepiga magoti kwenye vumbi langu. "Ya ukoo wa Sabuni, baba. Imezaliwa leo asubuhi." Nikamweleza habari za kifua cha mzee.

Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akaegemea gari. Kicheko kikageuka kikohozi. Akakohoa kwenye kiwiko. "Vumbi la njiani hili," akasema, wakaondoka.

Wiki haikuisha, simu ikaja kutoka Nkome. Marcel amelazwa, amewekewa hewa ya mtungi. Donatus alikata simu akamtazama baba yake, aliyekuwa juani anabangua karanga na kumtania Limi. Alichukua dumu, akaenda kujaza maji kwenye kibuyu.

Tulingoja, tukilala tunasikilizana pumzi. Hakuna aliyekohoa nyumbani kwetu. Na Marcel, Mungu mwema, akapona. Harusi ikasogezwa mpaka aweze kusimama.

Tulipofika Nkome siku yenyewe, ngoma zinalia, harufu ya dagaa wanaoanikwa imejaa hewani, nilimwona Marcel langoni. Amekonda, koti linampwaya. Pembeni yake kinaning'inia kibuyu kipya kabisa, kimevikwa shanga kuanzia shingoni hadi kitakoni, nyingi kuliko zangu.

"Ukoo wa Sabuni mmefika!" akapaza sauti, mguu tayari kwenye kijiti. "Baba Donatus, vidole visirukwe!"

Na mzee wangu, pumzi inamkatika kwa uchovu wa safari, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukinga mikono.